Benchi la Waliosamehewa Michezo

Lascăr Tudose alifundisha michezo kwa miaka thelathini na moja katika mji ambao watu wazima wanaogopa dirisha kuliko bunduki. Sitanii. Hapa kwetu, kando ya mto Bârlad, mtu anaweza kunywa pombe tangu asubuhi, kuvuta pakiti mbili za sigara na kuendesha gari lisilo na breki, na hakuna atakayemkemea. Ila athubutu kufungua dirisha la basi wakati mlango uko wazi, abiria wote watamrukia. Tunauita upepo wa kupenya, ule unaoingia huku na kutokea kule, na tunaamini kwa moyo mmoja kwamba unaleta homa ya mapafu, meno kuuma, uziwi na shingo kupinda. Daktari anaamini. Padri anaamini. Mimi nimefundisha hesabu miaka ishirini na tisa, natakiwa kuwa na akili zangu timamu, na mimi naamini.

Sasa mchukue mwalimu wa michezo umweke katikati ya watu kama hao. Kazi yake ni kuwatoa watoto jasho, na kwa imani yetu jasho ndilo linaloualika upepo uje. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza Lascăr alikuwa mtu wa hatari, na kwa kuwa hatukuweza kumfunga jela, tulimdharau.

Alikuwa na mwili mkubwa na vidole viwili vilivyopinda, maana ujanani alikuwa kipa wa mpira wa mikono katika timu ya kiwanda cha nguo. Kiwanda kilifungwa, timu ikafa, yeye akaja kwetu na traksuti yake ya bluu. Katika chumba cha walimu tulimpa kiti cha karibu na sinki. Mwalimu wa fizikia alipenda kumuuliza, "Lascăr, leo umewafundisha nini? Kushoto au kulia?" Tulicheka kila wiki kwa utani uleule mmoja, watu wenye shahada. Yeye alijibu kwa upole, "Leo kushoto tu, ndugu yangu. Kulia ni ya darasa la nane." Na mimi nilicheka zaidi ya wote, kwa sababu kila mtihani wa taifa ulipokaribia nilichukua vipindi vyake nifundishie milinganyo. Sikuomba. Nilisema tu, "Lascăr, kesho la nane ni langu," naye akaitikia kwa kichwa. Walimu wa hesabu nchi nzima hufanya hivyo, na hakuna anayethubutu kuuita wizi.

Halafu kulikuwa na vyeti. Kila mwezi wa tisa mabibi wa mji walipanga foleni kwa Daktari Hurmuz kuwaombea wajukuu wao cheti cha kusamehewa michezo. Nasema mabibi kwa sababu nusu ya akina mama wako Italia na Hispania, wanawafuta na kuwalisha wazee wa watu wengine, na watoto wamebaki nasi. Daktari Hurmuz hakuwahi kumkatalia mtu. Aliandika moyo unaonong'ona, nyayo bapa, uti wa mgongo mlaini. Mawazo yalipomwishia aliandika "mwepesi wa kupatwa na upepo", akagonga muhuri. Darasa la tano B lilikuwa na watoto ishirini na saba, na kumi na tisa kati yao walikuwa na cheti. Ungesoma vile vyeti bila kuwaona wenyewe, ungedhani tunafundisha katika wodi ya majeruhi.

Kipindi cha michezo kilipofika, hao kumi na tisa walikaa kwenye benchi refu ukumbini, na makoti yao, na skafu zao, mikono magotini. Wanane waliobaki walikimbia duara. Mwalimu mkuu, Bi Zaharescu, alikuwa akipita na kusema, "Angalieni walivyotulia, Mungu awabariki." Kwetu mtoto aliyetulia ndiye mtoto mwenye afya. Anayepiga kelele anapimwa joto.

Kitu ambacho hatukukijua ni kwamba Lascăr alivisoma vile vyeti. Sisi wengine tuliviweka tu kwenye faili. Yeye alisoma kila kimoja hadi mwisho, na akaona kwamba vyote vilisema jambo moja: mtoto asishiriki kipindi cha elimu ya viungo. Kipindi. Hakuna kilichosema neno juu ya mapumziko. Basi kila siku saa nne, kengele ya mapumziko makubwa ilipolia, alitoka uani na mpira wake uliotiwa viraka, akaurusha katikati, akaenda kuegemea ukuta. Dakika ishirini. Hakupiga firimbi, hakutoa amri yoyote.

Watoto walicheza bata na wawindaji. Bata wanakaa katikati, wawindaji wako pande mbili, na anayepigwa na mpira anatoka nje ya mchezo. Bata wa mwisho akikwepa mipira kumi, wenzake wote waliotolewa wanarudi. Hapo ndipo ungewaona wagonjwa wetu. Moyo unaonong'ona uliongoza mbio. Nyayo bapa ziliruka juu kama mbuzi. Uti wa mgongo mlaini ulijikunja ukapita chini ya mpira, ukainuka, ukatoa ulimi.

Na nje ya uzio, mabibi. Walikuja saa nne kamili na mikoba yao, na ndani ya mikoba kulikuwa na mkate wa jibini, taulo, na fulana kavu. Walipenyeza mikono kwenye matundu ya uzio wakawakamata watoto kwa kola.

"Wewe! Njoo hapa! Mgongo umelowa chapachapa!"

"Bibi niache, mimi bata!"

"Bata ndiye atakayekufa na kifua! Geuka nikuwekee taulo!"

"Bibi, wananiona wenzangu!"

"Na wakuone! Wakuone una bibi!"

Mtoto alirudi mchezoni na taulo limechomoza shingoni, akacheza hivyohivyo. Lascăr alitazama bila kucheka. Siku moja nilikuwa zamu ya uani nikamuuliza kwa nini hawafundishi chochote, maana mtu analipwa mshahara. Akaniambia, "Bi Despina, ukimwona mtoto amepigwa, ametoka, amenuna pale pembeni, halafu amenyanyuka mwenyewe akarudi, hilo mimi siwezi kumfundisha. Naweza kumharibia tu. Kwa hiyo nanyamaza."

"Kazi nzuri hiyo," nikamwambia. "Kulipwa kwa kunyamaza."

"Ni ngumu kuliko unavyofikiri," akasema. "Ijaribu siku moja darasani kwako."

Nilikasirika siku mbili nzima.

Mwaka huohuo binti yangu Sorina aliondoka kwenda Italia kumtunza mzee mmoja aliyepooza, akaniachia mtoto wake Ilinca, wa miaka kumi na moja, akaingia hilohilo darasa la tano B. Ilinca hakulia kituo cha basi tulipomsindikiza mama yake. Watu walinipongeza, wakasema mtoto ana adabu, mtoto mkubwa. Kisha akaacha kuzungumza. Hakuwa bubu, hapana. Alisema "Ndiyo, bibi" na "Ndiyo, mwalimu". Ukimuuliza kama ana njaa anasema ndiyo, ukimpa ugali wa mahindi na jibini anakula vijiko viwili, ukimuuliza kama ameshiba anasema ndiyo. Darasani kwangu alipata alama nzuri. Nilijivunia, mjinga mimi, kwamba nina mtoto asiyesumbua.

Nani alimpeleka kwa Daktari Hurmuz? Mimi mwenyewe. Mwezi wa tisa nilipanga foleni pamoja na wale wanawake ninaowacheka hapa, nikarudi na cheti cha mwepesi wa kupatwa na upepo. Na kwa kuwa nilikuwa mwalimu, nilimwamuru Ilinca hata kwenye mapumziko abaki kwenye ngazi, avae kofia.

Mwezi wa kumi na moja Lascăr alinifuata pale kwenye sinki. "Bi Despina, mjukuu wako nimwache acheze?"

"Ana cheti."

"Nimekisoma. Kinasema kipindi."

"Usinifundishe kusoma, Lascăr."

"Sikufundishi. Nimekuomba tu. Anakaa kwenye ngazi anahesabu mipira kwa vidole. Anajua mchezo kuliko wanaocheza."

Nilisema hapana. Sikujua kwamba huwa hasubiri ruhusa ya watu kama mimi. Wiki iliyofuata nilikuwa darasani nasahihisha, dirisha limefungwa bila shaka, nikasikia kutoka uani sauti ya mtoto anafoka: "Hujanigusa! Ni kiatu tu! Kiatu hakihesabiwi, mwongo mkubwa wewe!" Nikasema moyoni, huyu ni nani asiye na malezi? Nikasogea dirishani. Alikuwa Ilinca, kofia haipo, nywele zimemwangukia usoni, amemkamata kijana mmoja mrefu kwa mkono wa sweta. Wakabishana. Akashindwa. Akatoka nje ya mchezo, akapiga ukuta teke, akanuna. Duru mpya ilipoanza, akarudi.

Sikuwa nimeisikia sauti ile kwa miezi miwili na nusu. Nilisimama nyuma ya kioo nikalia, kisha nikajifuta haraka kabla ya kengele, kwa sababu nina heshima yangu ya kulinda. Siku ile nyumbani alikula sahani mbili, akaniambia kijana mrefu anaitwa Dinu, ni mwongo, ni rafiki yake. Nilimbadilisha fulana, na sikumkataza tena kucheza. Lascăr naye sikumshukuru. Ningemshukuruje mtu anayekaa karibu na sinki?

Waliendelea hivyo majira yote ya baridi. Ilinca alianza kunijibu. Alianza kuchelewa, kupoteza glavu, kumwambia mama yake kwenye simu habari ndefu za bata na wawindaji, mpaka Sorina akacheka kule aliko. Baada ya kucheka akaomba arudishiwe mimi simu. "Mama, asitoke jasho lakini. Nakuomba. Mimi siko hapo."

Mwezi wa tatu Dinu akapata homa ya mapafu. Watoto wanapata homa ya mapafu kila mwaka, hata wa kwenye benchi, lakini huyu alikuwa amecheza, kwa hiyo mji ulimjua mhalifu. Bibi yake Dinu, Bi Saveta Pricop, mwanamke anayevaa mitandio miwili hadi mwezi wa sita, alikuwa mjumbe wa bodi ya shule kwa niaba ya wazazi. Alileta hoja iliyosainiwa na mabibi thelathini na wanne: mlango wa uani ufungwe kwa kufuli, na watoto wapumzike kwenye madawati yao, wamekaa.

Bodi ina watu saba, nami ni mmoja wao. Lascăr si mjumbe, akaruhusiwa kusema. Alisema vibaya, maskini. Mtu aliyenyamaza miaka thelathini hapati ulimi kwa siku moja. Alisimama na traksuti yake, akasema, "Nyumbani wanaambiwa kaa. Darasani kwenu wanaambiwa kaa, masaa matano. Wengine mama zao hawapo, na hilo hawana pa kulipeleka. Naomba hizo dakika ishirini. Basi. Sina lingine."

Mwalimu wa fizikia akanong'ona, "Leo katufundisha kulia," na watu wazima wakachekea kwenye ngumi.

Bi Saveta akasimama. "Wewe Lascăr, una wajukuu? Huna. Mimi nimeachiwa watatu. Binti yangu akipiga simu kutoka Hispania nimwambie nini? Kwamba mtoto yuko hospitali kwa sababu alikuwa bata? Ananitumia dawa, ananitumia viatu, ananiambia mama nitunzie watu wangu. Nitamwambia nini, eh? Njoo umwambie wewe!" Sauti ikamkatika akakaa. Nilimdharau mwanamke yule tangu nilipomjua, lakini pale nilimwelewa mno, maana asubuhi hiyo Ilinca alikuwa amepiga chafya mbili.

Bi Zaharescu akaitisha kura. Watatu wakataka mlango ubaki wazi, watatu wakataka kufuli. Wakanigeukia.

Nilikuwa nimeona kila kitu kwa macho yangu. Hakuna mtu ndani ya chumba kile aliyejua kama nilivyojua mimi mlango ule ulimfanyia mtoto nini. Nikaisikia simu ikilia jikoni kwangu, nikamsikia Sorina akiuliza, na nikanyanyua mkono kwa ajili ya kufuli. Sikuhesabu chochote, mimi mwalimu wa hesabu. Lascăr alinitazama bila hasira, na hilo lilinichoma zaidi.

Kufuli likawekwa kesho yake. Saa nne watoto wakabaki kwenye madawati, wakala mikate yao, na baada ya dakika tano wakaanza kusukumana. Wiki ya kwanza vioo vitatu vilivunjika na jino moja likatoka. Kipindi changu kilifuata mapumziko hayo, na nilipoandika ubaoni niliwasikia nyuma yangu wakigongagonga miguu chini, darasa zima, bila kujua kwamba wanagonga. Bi Zaharescu akasema watoto wa siku hizi hawana nidhamu. Akapendekeza wakae dakika tano zaidi.

Ilinca aliambiwa na Dinu, aliyekuwa amepona na kurudi shule. Tulikuwa tunatembea kurudi nyumbani.

"Bibi, ni kweli ulinyanyua mkono?"

"Nani kakwambia?"

"Ni kweli?"

"Ni kwa ajili ya afya yako, mjukuu wangu. Mambo ya wakubwa haya."

Akatembea kidogo. "Siku ile ya mwisho nilikuwa bata wa mwisho. Nilikuwa nimeshakwepa minane. Wote walikuwa wametoka, wananisubiri mimi niwarudishe. Kengele ikalia. Mwalimu Lascăr akasema, msijali, kesho tutaanzia hapohapo kwenye nane."

Nilimfunga kifungo cha koti, kwa sababu mikono yangu haijui kitu kingine.

Nilikwenda kwa Bi Zaharescu, nikamwambia nimebadili mawazo. Alinionyesha kumbukumbu za kikao, zimeshagongwa muhuri. "Dada yangu, kura si nywele, huwezi kupaka rangi nyingine. Kikao kijacho ni mwezi wa sita." Mwezi wa sita shule inafungwa.

Lascăr hakusubiri. Kabla ya Pasaka aliomba uhamisho kwenda shule moja ya kijijini, ng'ambo ya mto, yenye watoto kumi na wanne na uwanja wa matope. Alikuwa amebakiza miaka miwili tu astaafu, angeweza kuimalizia kwenye kiti chake bila taabu yoyote. Siku ya kuondoka nilimkuta amebeba mfuko wa mipira. Nikamwambia, "Lascăr, nilikosea." Nilitegemea aseme yale ambayo watu husema, kwamba si kitu, kwamba yamepita.

"Ndiyo," akasema. "Ulikosea." Akanipa mkono, akaondoka.

Sasa ni mwezi wa tano. Nafasi yake haijajazwa, na vipindi vya michezo nimepewa mimi, vyote, kihalali kabisa, nifundishie hesabu. Ilinca anapata kumi kwa kumi. Amerudi kula vijiko viwili. Jumapili iliyopita Sorina alipiga simu.

"Mama, mtoto anaendeleaje? Hajaumwa?"

"Hajambo," nikasema. "Tangu mwezi wa tatu hajakohoa hata mara moja."

"Mungu akubariki, mama. Ningefanya nini bila wewe? Hebu nipe niongee naye."

Nikampa Ilinca simu. Akaiweka sikioni, akasikiliza. Akasema, "Ndiyo, mama." Akasikiliza tena, akasema, "Ndiyo, mama." Kisha akanirudishia.